Barua ya wazi kwa viongozi wetu wa Moshi: tunaomba chumba chenye mlango

Waheshimiwa viongozi wa mkoa wetu wa Kilimanjaro, mkurugenzi wa manispaa, mganga mkuu, madiwani na mbunge wetu, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mitumba soko la Memorial, huu mwaka wa 11, nimepanga Pasua. Naandika kwa simu nikiwa kwenye kizimba changu sokoni, mteja akija naacha alafu narudi, kwa hiyo mkiona nimeruka hapa na pale mnivumilie. Nina ombi moja. Tunaomba chumba chenye mlango unaofungika, kwenye kituo cha afya au hata ofisi ya kata, ambacho mtu anaingia na simu yake anaongea na mtaalamu wa saikolojia aliyeko mbali bila mtu mwingine kusikia. Nitaeleza kwa nini chumba, maana najua ukitaja therapi ya mtandaoni watu wanawaza kompyuta na bajeti kubwa, na mi sijaomba hivyo.

Ilianza masika ya mwaka juzi. Biashara ilikua imelala kabisa, mvua haikatiki, wageni wa mlima hawapo kwa hiyo hata wapagazi wa mlima tunaowaita wagumu na maguide wanaonunuaga majaketi na buti kwangu hawana hela. Mi nilikua na mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kali mtaani, rejesho la Jumatatu, la Jumatano na la Ijumaa, na mama yangu kapooza upande mmoja yuko Kibosho anahitaji dawa na pampasi. Siku hiyo tunafungua belo la sweta, ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kama nakimbizwa, mikono ikafa ganzi, pumzi haiingii, jasho linanitoka, nikajua nakufa hapohapo juu ya sweta. Wenzangu wakanipakia bajaji mbio hospitali. Presha sawa, sukari sawa, kipimo cha moyo kile cha kubandika waya kifuani nacho sawa. Wiki mbili mbele ikanirudia kwenye daladala, alafu tena kanisani. Na kila nikienda jibu ni lile lile, mama huna ugonjwa, punguza mawazo.

Punguza mawazo. Daktari anakuambia, mchungaji anakuambia, shoga yako anakuambia, mpaka mwenye nyumba anayekudai kodi anakuambia. Hakuna hata mmoja aliyenieleza yanapunguzwaje. Mtu ukimwambia apunguze chumvi anajua aache kutia, sasa mawazo unaanzia wapi? Mi nilijaribu kuyafukuza mchana, yakawa yananisubiri usiku, saa nane niko macho nahesabu marejesho huku watoto wamelala pembeni yangu. Nikaanza kuacha vitu kimoja kimoja. Nikaacha daladala, natembea Pasua mpaka sokoni na mzigo kichwani. Nikaacha kwaya. Ikafika mahali mtoto akiniuliza kitu namfokea alafu nalia.

Na kuna woga wetu wa huku, ukisema unatafuta mtaalamu wa mambo ya akili mtu anasikia Mirembe. Mirembe ni hospitali ya taifa kule Dodoma, inatibu watu, lakini mtaani jina lake ni tusi toka tukiwa watoto. Kuna kituo kimoja nilijikaza nikaenda, sitakitaja, mapokezi ni dirishani na foleni yote iko mgongoni kwako, aliyekua anaandika akauliza kwa sauti, mama wewe ndio wa mawazo? Niligeuka nikarudi nyumbani.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu aliyeajiriwa Dodoma. Akanilipia vipindi 6 vya video koli na mtaalamu wa saikolojia aliyeko Dar, mwanamke, anaongea Kiswahili chetu hiki hiki. Kipindi kimoja elfu 40. Naitaja hiyo bei makusudi, maana CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, kaya nzima ya watu 6 ilikua inalipa elfu 30 kwa mwaka mzima.

Mi nilidhani ataniombea, au atanipa maneno ya kunitia moyo kama yale ya kwenye kitchen party. Kumbe ni mafunzo. Kila kipindi kina kitu unajifunza na kazi unaenda kuifanya nyumbani, alafu wiki inayofuata anakuuliza ilikuaje, yaani ni kama nilivyojifunza kushona, fundi hakunihubiria kuhusu nguo, alinipa kitambaa na sindano.

Cha kwanza alinieleza kinachonitokea. Mwili unadhani kuna hatari, unajiandaa kukimbia, moyo unasukuma damu, pumzi zinakua fupi za harakaharaka, na ukipumua hivyo hewa ya kaboni inapungua sana kwenye damu ndio maana mikono inakufa ganzi na kichwa kinakua chepesi. Akasema hilo wimbi linapanda, linafika juu ndani ya dakika chache, mara nyingi kama 10 hivi, alafu linashuka lenyewe hata usipofanya chochote. Jamani, kulijua hilo tu! Mi mwaka mzima nilikua naogopa kile kitu kuliko ninavyoogopa wadai wangu. Alafu akanifundisha kupumua, unavuta kwa kuhesabu 4, unatoa taratibu kwa kuhesabu 6, na ufanye asubuhi na jioni ukiwa mzima, usisubiri siku ya kuzidiwa.

Cha pili ni muda wa mawazo. Sio kuyafukuza, ni kuyapangia saa. Mi yangu ni saa 12 jioni, nusu saa, na daftari. Wazo likija saa 5 asubuhi nikiwa na wateja naliandika neno moja kwenye kipande cha boksi alafu naendelea na kazi, jioni nayatoa yote. Mara nyingi nusu yake nikiyasoma jioni nayaona madogo.

Alafu daftari tukaligawa, upande huu mambo ninayoweza kuyafanyia kitu na upande ule nisiyoyaweza. Kiharusi cha mama siwezi kukirudisha nyuma, hilo linabaki la kulia na la kusali. Lakini rejesho la Jumatano ninaliweza. Tukapanga maneno ya kusema, tukayafanyia mazoezi mi na yeye kwenye simu, yeye akawa mkopeshaji na mi nikawa mi. Nikamfata yule bwana kabla hajanifata, nikamuomba tugawanye mara mbili, akakubali. Deni halikufutika, sijasema therapi inalipa madeni, ila nililipa mpaka nikalimaliza bila kulala macho.

Na daladala nikairudia taratibu. Wiki ya kwanza napanda nashuka kituo cha kwanza, inayofuata vituo viwili, moyo ukienda mbio nakaa hapohapo nahesabu mpaka ushuke, sishuki mimi. Sa hivi naenda mpaka Himo kununua mzigo.

Nimeeleza kwa kirefu ili muone hakuna uchawi hapa wala hakuna kitu cha wazungu peke yao. Ni stadi za kuishi, zinafundishika, na nyingi zinatoka kwenye njia ya kuangalia mawazo na matendo ambayo daktari Aaron Beck wa Marekani alianza kuipanga miaka ya 1960. Kufundisha kwa intaneti nako ni kwa zamani, Australia walikua na programu ya bure mtandaoni toka 2001.

Sasa chumba.

Mi naishi chumba kimoja na watoto wawili. Nyumba yetu ya kupanga ina vyumba 6 vinavyotazamana, kuta zinaishia kwenye boriti, juu hakuna dari, mtu wa chumba cha mwisho akipiga chafya wa kwanza anasema pole. Sasa mi nianze kumwambia mtaalamu kwamba juzi nilimpiga mtoto kwa hasira mpaka nikaogopa mwenyewe, nimwambie wapi? Kizimbani kumejaa watu. Kanisani wananijua. Kipindi cha kwanza nilikaa chooni nimefungua bomba la maji ili nisisikike, jirani akagonga anataka kuingia.

Kwa hiyo nikawa natembea kushuka Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, nakaa kwenye tuta la mfereji nimejitanda kanga kichwani simu imo ndani ya kanga. Vipindi vitano nimevifanyia pale. Wakati mpunga unakaribia kuiva watoto wanafukuza ndege, wanapiga kelele na makopo, mtaalamu ananiuliza mama uko salama? Mtandao unakata. Kuna siku mvua ilinikuta katikati ya kumuelezea kifo cha baba yangu, kitu ambacho sijawahi kumuelezea mtu, nikakata simu nikakimbia, na sikuweza kukirudia tena kile nilichokua nakisema. Na kiza kikiingia mwanamke kukaa peke yake kule mfereji sio salama, mnajua. Nimeongea na wenzangu wawili sokoni ambao nao walijaribu, mmoja anafanyia ndani ya gari bovu la shemeji yake gereji, mwingine aliacha baada ya mumewe kusikiliza mlangoni.

Hili ndilo watu hawalisemi. Wanasema simu tunazo, bando lipo, kwa hiyo huduma ya mtandaoni imewafikia masikini. Haijafika. Mwenye nyumba ya kujitegemea kule Shanty Town, mtaa wa wenye nazo, anafunga mlango wa chumbani kwake anaongea, sisi wa Pasua, Njoro na Majengo hatuna huo mlango.

Najua kuna atakayesema mbona Zimbabwe walitumia benchi tu kuongea na watu wenye mawazo. Ni kweli na mi nalipenda sana lile benchi. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kule Mbare, Harare, na bibi 14, na benchi lilikua nje kwa sababu ndani ya kliniki hakukua na nafasi! Wao wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, ni haya haya mawazo yetu. Utafiti wao ukatoka 2016, waliokaa na wale bibi wakafundishwa kutatua tatizo moja moja walikua na nafuu kubwa baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida, na wazo lenyewe limeshafika hadi Zanzibar. Mkituwekea na benchi tutashukuru. Lakini kukaa na bibi chini ya mti ni kitu cha kawaida, mpita njia anaona wanaongea mambo yao. Kuongea na simu peke yako huku unalia, hapo unahitaji mlango.

Na kitu hiki Moshi tulishakifanya. Enzi za Ukimwi, watu walikua wanakufa na hakuna anayetaja jina la ugonjwa, na bado mkoa huu kina mama wa KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake cha kupambana na Ukimwi, walianza toka 1990, wakawa wanaenda nyumba kwa nyumba. Kuanzia 2001 vikaja vituo vya Angaza, mtu anaingia chumbani, mlango unafungwa, anapewa ushauri nasaha kabla ya kupima na baada ya kupima. Hata hilo neno ushauri nasaha wengi wetu tulilijulia kule. Nani aliwahi kusema wakapimie shambani? Tulielewa wote kwamba siri ni sehemu ya tiba. Basi chumba cha aina hiyo, kwenye vituo vya afya vya Pasua na Majengo tuanzie hapo.

Ndani kuwe na kiti, meza, soketi ya kuchajia na intaneti ya uhakika. Simu mtu atakuja nayo, na asiye nayo iwepo moja ya kituo. Muda ndio muhimu kuliko vyote, msikifungue saa 2 asubuhi mkafunga saa 9 na nusu, huo ndio muda tunatafuta hela, kiwe wazi jioni saa 11 mpaka saa 2 usiku na Jumapili mchana. Mlangoni msiandike kliniki ya akili, andikeni namba tu, chumba namba 7, mtu akionekana anaingia hakuna wa kujua kaenda kufanya nini.

Na pawe na mtu. Hapa naomba mnielewe vizuri, maana rahisi ni kununua apu mkasema kazi imeisha. Mi nilijaribu apu moja peke yangu kabla ya mdogo wangu kunisaidia, Kiingereza kitupu, inataka kadi ya benki, mifano yote ya watu wa ofisini, nikaifungua mara tatu nikaiacha. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo ya kwenye simu ya vipindi 5 yanaitwa Step-by-Step, yakajaribiwa Lebanon kwa wenyeji na wakimbizi wa Syria, na kila mtu alikua na msaidizi wa kuwasiliana naye kama dakika 15 kwa wiki. Wasaidizi hawakua madaktari, walifundishwa na kusimamiwa, na waliopitia walipata nafuu ya sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango wao serikali ilizindua 2024. Chagueni wawili watatu wenye kifua, wanaojua kutunza neno, wafundishwe na wataalamu wa hospitali zetu za KCMC na Mawenzi, wawe wanatupigia na kutuuliza wiki hii umefanya zoezi?

Kuhusu siri kwenye mtandao wenyewe, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Muisimamie. Sa hivi mtaani kuna watu wanajiita matherapisti kwenye Instagram, hujui kasomea wapi, anakurekodi au hakurekodi. Bandikeni ukutani kwenye hicho chumba orodha ya wataalamu mliowahakiki.

Mheshimiwa mbunge, hili moja ni lako. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Mtaalamu wangu kipindi cha kwanza aliniuliza kama nimewahi kuwaza kufa. Nilinyamaza muda mrefu sana, nikamuuliza hii simu inarekodiwa? Sikua nawaza mzigo niliobeba, nilikua nawaza polisi. Wenzetu Kenya mahakama kuu imeshasema Januari 2025 kwamba kifungu chao kama hicho ni kinyume na katiba. Tafadhali lipeleke bungeni.

Sisemi simu inatosha kwa kila mtu. Anayesikia sauti, aliyeacha kula, anayepanga kujidhuru usiku huu, huyo anahitaji watu na hospitali sasa hivi, asisubirishwe kipindi cha wiki ijayo, na huyo mhudumu wa chumba awe anajua kumpeleka wapi na kwa usafiri gani. Namba 199 ya Wizara ya Afya ipo na ni bure, ila kupiga simu kuuliza ni kitu kimoja na kufundishwa wiki kwa wiki ni kingine. Mi ninaowasemea ni sisi tulio wengi, tunaoamka, tunafungua biashara, tunacheka na wateja, na ndani tunazama.

Vipindi vyangu 6 vimeisha. Nafanya mazoezi yangu, wimbi likija nalijua. Ila kuna msichana wa kizimba cha jirani, ana miaka 22, wiki jana nimemkuta kaegemea belo mikono inatetemeka, hawezi kuongea. Nimekaa naye nikahesabu naye 4 na 6 mpaka akatulia. Akaniuliza dada na mi nitampata wapi huyo mtu wako, hela nimeshaweka ya kipindi kimoja. Nikamwambia namba ninayo. Akauliza, nitaongelea wapi? Nyumbani kwao wako 7.

Hajajibiwa mpaka leo. Mkitupa hicho chumba hata mwezi ujao, msihangaike na mapazia, tutaleta sisi wa Memorial. Kwenye belo la juzi yametoka mawili mazito ya kijani, hayapitishi mwanga, nimeyafua nimeyaweka pembeni, siyauzi.

Muuza mitumba, Memorial
Mkazi wa Pasua, Moshi